Listi Isiyo na Mdomo: Makocha Wetu na Siku ya Mchujo

Leo naomba tuache kidogo siasa na bei ya dolari, tuongee mpira. Matokeo ya Léopards tutayarudilia siku nyingine. Naongelea ile siku moja ambayo kila kocha wa Bunia angependa iruke kwenye kalenda: siku ya kuwaambia watoto nani anabaki na nani anarudi nyumbani.

Likizo kubwa ikianza, viwanja vinajaa. Kutoka Mudzipela mpaka Bigo, kutoka Lumumba mpaka Saio, kila ekipe ya kartie inatafuta damu mpya. Neno linapita mdomo kwa mdomo: "Kuko testi." Wanakuja watoto 60, wanakuja 80, kwa nafasi ambazo hazifiki 25. Mmoja amevaa viatu vya mpira vya kaka yake, viwili vya ukubwa tofauti. Mwingine ana sandale za plastiki. Mwingine miguu mitupu na anawapita wote. Wanakimbia siku tatu, wiki, wakati mwingine mbili, jua la saa tisa juu ya kichwa. Halafu inakuja listi.

Nataka kuichambua hiyo listi vile mtu anavyochambua kitabu ama filamu, kwa sababu nayo ni maandiko. Ina mwandishi, ina wasomaji, na ina mambo iliyoyanyamazia. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asome hapa tu: makocha wetu wengi wanajua mpira, majina wanayochagua mara nyingi ni ya haki, lakini namna wanavyowaacha wale wengine ni mbaya, na hapa kwetu ubaya huo unaleta madhara ambayo mji mwingine ungeweza kuyavumilia.

Namna zenyewe tunazijua. Kuna karatasi inayobandikwa kwenye ukuta wa duka ama wa shule, majina 22, hakuna neno lingine. Kuna ujumbe wa WhatsApp unaotumwa saa nne za usiku, kocha akiisha kutuma anazima simu. Kuna ile ya jezi, ambayo mimi naiona mbaya kuliko zote: hakuna listi kabisa, siku ya mechi jezi zinatolewa kwenye mfuko moja moja, na mtoto ambaye mfuko unaisha bila yeye kupata anaelewa mwenyewe, mbele ya watu, mbele ya wadogo zake waliokuja kumwangalia. Na kuna "tutakuita".

Hiyo "tutakuita" tuikalie kidogo, maana sisi tunaosoma ukurasa huu tunaijua kwa mwili. Nani kati yetu hajapeleka dosie yake kwenye ofisi fulani, CV na kopi ya diplome, mlinzi akaipokea kwenye dirisha, na sauti ikasema "tutakupigia"? Unakaa na simu mkononi wiki tatu. Kila namba usiyoijua inakupandisha roho. Halafu siku moja unasikia wenzako walisha kuanza kazi tangu tarehe moja. Kilichokuumiza pale ni kipi? Kukosa kazi tulikwisha kuzoea. Kilichouma ni zile wiki tatu za kungoja kitu ambacho mtu mmoja alijua tayari kwamba hakiji, na hakukwambia. Sasa mfanyie hivyo mtoto wa miaka 14 ambaye hajazoea chochote.

Najua tunafanya hivyo kwa adabu. Kwetu mtu mwema hasemi "hapana" usoni. Anasema "tutaona", anasema "Mungu akipenda", anasema "pita wiki kesho". Ni lugha ya heshima, na mahali pengi inasaidia watu kuishi pamoja. Lakini kocha mwenye nafasi 22 amekwisha kusema hapana kwa watoto 58. Adabu yake inamlinda yeye peke yake asione uso wa mtu wakati wa kulisikia.

Hapa ndipo Bunia inapoingia.

Mji mwingine mtoto asiyepewa sababu atafikiri hajui mpira, ama kocha hajui mpira. Kwetu kuna sababu ya tatu inayongoja mlangoni tangu zamani, haihitaji hata kuitwa. Sisi ni watoto wa 1999 mpaka 2003. Tulizaliwa ndani yake ama tulikulia ndani yake. Tunajua kartie gani ilikuwa ya nani mwaka 2003, na ijapokuwa watu wamerudi kuchanganyika, tukisikia jina la mtu bado kichwa kinapiga hesabu chenyewe: huyu ni wa wapi. Wengi wa watoto wanaokuja kwenye testi siku hizi wametoka Djugu ama Irumu, familia imekimbia, wengine wanalala kwenye mahema ya Kigonze na wanatembea mpaka kiwanjani. Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Katika hali hiyo ukimwacha mtoto bila neno, lile neno atalipata nyumbani.

Nilishuhudia moja, mwaka si wa mbali. Mtoto wa jirani, miaka 15, alifanya testi siku tisa kwenye ekipe moja ambayo sitaitaja. Jina halikutoka. Akajipa moyo, akamfuata kocha kwenye moto yake.

"Kochi, jina yangu haiko."

"Endelea na mazoezi, petit. Tutakuita."

Jioni nikapita kwao kuomba chumvi, nikakuta kesi imekwisha kukatwa. Mjomba wake anasema: "Ile kochi anabeba tu batoto ya kwao. Tunajua." Mama anasema nyamaza, watu watasikia. Mtoto amekaa pembeni, hasemi kitu, lakini anasikiliza vizuri sana. Miezi imepita, nikakutana na kocha yule kwenye msiba, nikamuuliza. Akajibu bila kufikiri hata kidogo: "Yule? Winga muzuri. Nilikuwa na mawinga wanne wa kulia, na nilikosa kipa." Ndiyo hiyo tu. Angeweza kuisema kwenye moto bila hata kuzima injini. Na kwa taarifa yenu, kati ya wale wanne waliobaki, wawili walikuwa wa upande ule ule wa mtoto aliyeachwa. Mjomba hakujua. Angejuaje?

Sitasema kwamba mtoto anayekatwa kwenye mpira anakwenda msituni. Hayo tuwaachie wanaoandika miradi. Nasema jambo dogo zaidi na la kweli zaidi: siku ile mtoto wa miaka 15 alifundishwa kusoma listi yoyote kwa jicho la kabila, na aliyemfundisha ni mtu ambaye hakuwa na kabila kichwani hata kidogo. Kesho atasoma hivyo listi ya mtihani, listi ya kazi, listi ya msaada wa chakula.

Msifikiri huu ni ugonjwa wa kartie tu. Ekipe kubwa kuliko zote tulizowahi kuwa nayo ilipita pale pale. Mwaka 1974 Zaire ilichukua kombe la Afrika huko Misri, Ndaye Mulamba akafunga mabao 9 katika mashindano yale, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa. Mwezi wa sita wakaenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia. Mechi ya kwanza, Scotland, tulipoteza 2-0 na hatukuaibika. Kisha wachezaji wakaanza kugombana na wakubwa juu ya pesa zao ambazo hawakuziona. Tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, tukakutana na nani? Na Yugoslavia. Ndani ya dakika 20 ilikuwa 3-0. Dakika ya 21 kocha akamtoa kipa Kazadi Mwamba, kipa wa Mazembe, akamwingiza Tubilandu Ndimbi. Mpira wa kwanza Tubilandu aliougusa aliutoa ndani ya nyavu. Iliisha 9-0.

Mbona alimtoa Kazadi? Pale pale Vidinić hakueleza. Baadaye alisema agizo lilitoka kwa mjumbe wa wizara ya michezo aliyekuwa na ekipe. Iwe kweli ama aliikwepa lawama, maelezo yalichelewa. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kujitafutia yao, na yalikuwa rahisi: kocha ni Myugoslavia, anacheza na Yugoslavia, amewauza. Mnaona? Ni yale yale ya mjomba wa jirani yangu. Listi haina mdomo, watu wanaangalia kocha ametoka wapi. Miaka zaidi ya 50 imepita na bado ukikaa na wazee wanaokunywa chai wakiikumbuka 1974, kuna mmoja atakwambia kwa uhakika kabisa kwamba tuliuzwa. Hata kwamba Kazadi alirudi golini dhidi ya Brazil siku nne baadaye, na tukafungwa 3 tu, kwao ni ushahidi wa kuuzwa.

Kuna hadithi nyingine ambayo makocha wetu wanaipenda sana, na wahubiri wa vijana pia. Mtaisikia kila mtoto akilia: "Hata Michael Jordan alikatwa!" Halafu mtoto anapigwa begani, basi. Hadithi hiyo naichukia jinsi inavyosimuliwa, kwa hiyo naomba niivunje.

Kilichotokea ni hiki. Mwaka 1978, shule ya sekondari ya Laney, mji wa Wilmington, North Carolina. Jordan ana miaka 15, ana urefu wa mita 1 na sentimetri 78 hivi. Ekipe kubwa ya shule inahitaji mtu mrefu. Rafiki yake Leroy Smith, darasa moja naye, ana mita 2. Kocha Clifton Herring anamchukua Leroy, na Jordan anawekwa ekipe ya wadogo. Kwa maneno mengine hakufukuzwa. Aliambiwa acheze dakika nyingi na wenzake wa rika badala ya kukaa kwenye benchi la wakubwa. Kama kocha angekuja kuniomba shauri siku ile, ningemwambia fanya hivyo hivyo. Mwaka uliofuata Jordan akarefuka, akapanda, na mengine mnayajua.

Uamuzi ulikuwa mzuri, basi. Lakini ulifikaje kwa mtoto? Karatasi yenye majina ilibandikwa, kwa alfabeti. Jordan akatafuta kwenye herufi yake, hakujiona, akarudi nyumbani akajifungia akalia. Septemba 2009, Springfield, wanamwingiza kwenye jumba la heshima la mpira wa kikapu. Ni mtu mwenye pete sita za ubingwa, tajiri kuliko jimbo letu lote. Anasimama kutoa shukrani, na anaongea nini? Listi ya Laney. Amemwalika Leroy Smith ukumbini ili watu wamwone, na anamkumbusha kocha mbele ya dunia kwamba alikosea. Miaka 31 imepita!

Wanaosimulia hadithi hii hapa kwetu wanaitumia kumfariji aliyekatwa na kumwachilia aliyekata. Somo lake kwao ni: mtoto, jitahidi. Mimi naisoma kinyume. Kocha alikuwa na sababu nzuri, na njia ya kurudi ilikuwapo wazi, ekipe ya wadogo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye dakika mbili kumwambia. Kwa kukosa hizo dakika mbili mtu aliyeshinda kila kitu alibeba karatasi moja miaka 31. Na huyo ni Jordan, aliyekuwa na mwili, shule, chakula na ekipe ya pili ya kumpokea. Kwa kila Jordan mmoja kuna watoto wangapi waliojifungia ndani wakalia na hawakutoka tena na mpira? Hao hawaalikwi Springfield kuongea.

Jambo la urefu linanifikisha kwenye testi zenyewe. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliangalia wachezaji wa hoki ya barafu, wakakuta waliozaliwa Januari hadi Machi ni wengi mno kuliko waliozaliwa mwisho wa mwaka. Hakuna uchawi. Watoto walipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, aliyezaliwa Januari amemzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, ana misuli, kocha anamwona "ana kipaji", anapewa mazoezi zaidi, na kweli anakuwa na kipaji. Sasa leta hiyo Bunia, ambako hatukosei kwa miezi tu. Cheti cha kuzaliwa kinatengenezwa wiki ya mashindano. Mtoto wa "miaka 15" ana ndevu na ana mtoto. FIFA wenyewe walichoka, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 huko Nigeria mwaka 2009 wakaanza kupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono. Sisi hatuna mashine hiyo na hatutaipata, lakini kocha anaweza kujua kwamba anayemgonga kila mtu kwenye testi labda ni mkubwa tu, na yule mdogo anayekimbia kuepuka kugongwa, akiinua kichwa kutafuta mwenzake kabla mpira haujafika, labda ndiye mchezaji. Mtoto kama huyo haonekani kwenye mechi moja ya 15 kwa 15 kwenye kiwanja kibovu. Muweke kwenye wanne kwa wanne, goli mbili za mawe, dakika 10, atagusa mpira mara 30. Fanya hivyo siku tatu tofauti. Mpe kila mtoto namba kwa kalamu kwenye mkono kama hakuna bibu, na waangalie watu wawili ama watatu, kila mmoja aandike kwenye daftari lake bila kuulizana. Hili la daftari makocha wetu wanalidharau, "mimi naona kwa jicho". Jicho ni sawa. Lakini mzazi akija kuuliza mwezi wa kumi, jicho halina tarehe.

Mtaniambia michezo mingine hawana shida hii. Kweli. Kenya wakichagua wakimbiaji wao kwa Olimpiki, kwa kawaida wa kwanza na wa pili kwenye majaribio wanapita wenyewe, saa imesema. Ugomvi karibu wote unazaliwa kwenye ile nafasi ya tatu, ambayo wachaguaji wanaruhusiwa kuijaza kwa akili zao. Mpira wa miguu ni nafasi ya tatu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna saa. Ni akili ya kocha peke yake, na kwa sababu hiyo anadaiwa maelezo kuliko kocha wa mbio.

Kuna waliojaribu kukimbia ubishi huu kwa kugawa kwa hesabu. Tumeona mashindano ya amani, ekipe inatengenezwa: wangapi wa jamii hii, wangapi wa jamii ile, wapige picha wameshikana mabega, puto zipande. Nia ni njema na sitawacheka, kuna urafiki uliozaliwa pale na bado unaishi. Lakini kama namna ya kuchagua wachezaji, inasema kwa sauti kile ambacho mjomba wa jirani yangu alikisema kwa kunong'ona. Mtoto aliyechukuliwa anajua amechukuliwa kwa upande wake, aliyeachwa anajua upande wake umejaa. Ekipe iliyochanganyika vizuri inatoka kwenye testi iliyotangazwa kila kartie na kila kambi, kwa saa ambayo mtoto wa mbali anaweza kufika na kurudi mchana. Hapo utawachanganya bila kuwahesabu.

Basi kocha afanye nini siku yenyewe? Nimekaa na wawili watatu wanaofanya vizuri, wako, si kwamba hawako, na nimeona wanakutana kwenye mambo machache. Kazi wanaianza siku ya kwanza, kabla mpira haujagongwa. Wanawakalisha watoto chini na kusema: nafasi ni 22, waliobaki mwaka jana ni 13, kwa hiyo natafuta 9. Natafuta kipa, mabeki wawili wa kushoto, mtu wa katikati. Nitaangalia hili na hili. Viatu siangalii. Mchango ni kiasi hiki, asiye nao aje tuongee leo, asingoje kuchaguliwa ndipo aone aibu. Majibu ni Jumamosi, saa fulani, hapa hapa. Ile "natafuta 9" ni muhimu sana. Mtoto aliyeambiwa 9 kati ya 70 tangu mwanzo anajua anacheza mchezo gani.

Jumamosi ikifika wanawaita mmoja mmoja, chini ya mwembe, mbali na wengine. Mtoto wa kike ama wa kiume, mdogo ama mkubwa, maneno ni machache: hukupita. Sababu ni hii. Mwezi wa kwanza kuna testi tena, fanya hili mpaka hapo; ama, ukweli kwako ni kwamba hapa hutapata nafasi, nenda jaribu ekipe fulani, wanahitaji mtu kama wewe. Hawasemi "tutakuita" kama hawataita. Hawatoi hotuba. Hawasemi habari za Jordan. Wanamwacha mtoto alie kama anataka, na wanamuuliza kama ana swali. Mmoja aliniambia swali linalokuja mara nyingi kuliko yote si "kwa nini", ni "naweza kuja kufanya mazoezi tu?" Yeye anawakubalia watano sita, wanabeba mipira, wanakimbia na wengine, na kila mwaka mmoja wao anaingia kwa sababu mtu ameumia ama familia imehama. Na kama mtoto ni mdogo wa miaka 13, 14, anatuma neno kwa mzazi siku hiyo hiyo, ili mzazi asilisikie kwa mjomba.

Pingamizi ninalijua, nimelisikia tayari: "Mwalimu, sisi tunafanya bure. Hakuna mshahara. Tuna shamba, tuna moto ya kuendesha. Watoto 60 mmoja mmoja, saa gani?" Tupige hesabu pamoja. Watoto 60, dakika mbili kila mmoja, ni dakika 120. Saa mbili. Umetumia jioni tisa kuwakimbiza, huwezi kukosa jioni ya kumi. Kama ni wengi zaidi, msaidizi achukue nusu. Nakubali kabisa kwamba kufanya bure ni kujitoa, na mji huu unawadai makocha hawa shukrani ambazo hautawalipa. Ila mtoto naye alikuja bure.

Pingamizi zito ni lingine, na hilo sina dawa yake nzima. Ni la prezida. Ekipe zetu nyingi zina mtu anayenunua jezi, analipa mwamuzi, anakodi gari ya kwenda kucheza nje. Naye ana mtoto, ama ana shemeji mwenye mtoto. Komite inakaa jioni, listi inarudi kwa kocha na majina mawili ambayo hakuyaandika. Kocha atamwambia nini yule beki wa kushoto aliyetolewa kwa ajili hiyo? Akisema "hukucheza vizuri", amedanganya, na mtoto anajua, maana alicheza vizuri na kila mtu aliona. Akisema "tutakuita", tumerudi kule kule. Vidinić naye alikuwa na mtu wa wizara nyuma ya benchi, kama alivyodai.

Kocha mmoja wa umri wangu amechagua namna yake. Siku ya kwanza, prezida akiwa amesimama pale pale na mikono mfukoni, anawaambia watoto: "Nafasi ni 22. Ishirini ni zangu. Mbili ni za komite." Hasemi zaidi. Msimu wa kwanza aliposema hivyo prezida alikasirika, mipira ikakaa nyumbani kwake siku nne, mazoezi yakafanywa na mpira mmoja wa kushonwa. Siku ya tano mipira ikarudi. Zile mbili zimebaki mbili, hazijapungua mpaka leo. Lakini hazijaongezeka kuwa nne, na wale wanaoachwa pale wanajua ni nani wa kumkasirikia.